Usisimame chini ya ukuta ule

Mwanangu,

Salamu zimefika, na picha nimeiona. Nilichotazama kwanza ni kichwa chako: hakina kofia. Na nyuma yako ndio ule ukuta wa mashariki wa kanisa la St Andrews huko Uskoti, minara miwili na madirisha matupu.

Usinijibu kwamba ukuta huo umesimama karne nyingi. Wewe mwenyewe uliniandikia: ujenzi ulianza karne ya 12, likawekwa wakfu mwaka 1318 mbele ya Mfalme Robert Bruce, na hata kabla ya hapo dhoruba ilishaangusha upande wa magharibi. Upepo wa huko una mazoea. Baada ya kuvamiwa mwaka 1559 likaachwa, paa likaisha, watu wa mji wakabeba mawe kujengea nyumba zao. Ukuta usio na paa hunyweshwa kuanzia kichwani. Kati ya nyuso mbili za mawe ya kuchonga kuna kifusi na chokaa. Maji yakishuka humo chokaa hulegea, na yakiganda kwa baridi hupanua ufa. Jiwe likitaka kuanguka halipigi hodi. Vaa kofia.

Nasikia mwiko wa uashi umekukaa mkononi, msimamizi wako anasifu chokaa yako. Vizuri. Ila sijui kwa nini uende mbali hivyo, na hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, kuta zinalilia mafundi. Shangazi yako husema mimi ndiye niliyekufukuza saiti kwa sababu wewe binti. Shangazi yako husema mengi.

Beit al-Ajaib, lile jumba letu la kale lililoporomoka Desemba 2020, hujalisahau. Basi kabla ya kushika jiwe, ligonge kwa nyundo ndogo, sikiliza. Likitoa sauti ya mtungi mtupu, limeshaachana na wenzake. Shuka ukaseme, usianze kulikwangua. Upepo ukivuma, ondoka chini ya ukuta, hata kama wenzako wanacheka.

Huku kaka yako kanunua saruji apake ukuta wa uani. Nimemwambia itafungia unyevu ndani, kanuna. Mpangaji wa chumba cha mbele hajalipa. Goti la mama yako linamsumbua, anaulizia ile dawa ya kuchua. Ukipiga simu Ijumaa, habari za kupanda juu usimtajie. Nimemwambia uko ofisini, unachora.

Baba yako