Asante yule kaka wa Nafplio

Jamani naomba nimshukuru mtu mmoja, jina lake hata sikulipata. Mimi na mama tulifika Nafplio, mji mmoja wa Ugiriki, jioni na basi la kutoka Athens, gesti yetu iko mji wa zamani kule juu kwenye vichochoro vya ngazi, gari haifiki kabisa, na mama magoti yake ndo hivyo tena. Tumesimama tunaziangalia tu zile ngazi akatokea kijana na mfuko wa mikate, Kiingereza chake cha kuungaunga kama changu, nikamuonyesha jina la gesti kwenye simu, basi akampa mama ule mfuko ashike, yeye akabeba mabegi yote mawili, na kila kona anasimama ili mama apumue, akisimama anatupa stori, mara Bourtzi ile ngome ndogo katikati ya maji, mara Palamidi, ngome ya Waveneti (watu wa Venice, Italia) juu ya mlima ambayo watu wanasema ina ngazi 999 (mama akasema hizi hizi zinamtosha), mara hapa ndo palikuwa makao makuu ya Ugiriki kabla ya kuhamia Athens mwaka 1834.

Kufika, mlango umefungwa! Akampigia mwenye gesti, wakaongea Kigiriki chao, akakaa na sisi mpaka funguo ikaja. Hela akakataa katakata, tena akamuachia mama mkate mmoja, ule wa duara wenye ufuta.

Kaka, Mungu akuzidishie. Mama anakuombea kila akiswali, na anauliza kama umeoa.