Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupanda Miti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Kilimo wa Wilaya. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana Pugu. Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu msimu huu wa mvua, wakati wakulima wote wanakuhitaji.

Leo utapanda miti pamoja nasi. Risala yetu inahusu udongo utakaoipokea.

Mheshimiwa, udongo wa dunia una kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote ikijumlishwa. Msituni majani yanaoza, vijidudu vinayala, na mabaki yanang'ang'ania chembe za mfinyanzi na kutu ya chuma, ile inayoupa udongo wekundu. Kaboni ikishikwa hapo inaweza kukaa mamia ya miaka.

Msitu ukifyekwa, majani hayaanguki tena na mavuno yanabebwa kwenda sokoni. Jembe linavunja mabonge, vijidudu vinaishambulia akiba, na kaboni inatoka ikiwa hewa ya ukaa. Mwaka 2002, watafiti Guo na Gifford walikusanya tafiti za nchi nyingi wakakuta kwamba msitu wa asili ukigeuzwa shamba, udongo hupoteza wastani wa asilimia 42 ya kaboni yake.

Udongo haulingani, lakini. Utafiti uliofanyika Amani, Usambara Mashariki, umeonyesha kuwa wenye kutu nyingi ya chuma ukilinganisha na mfinyanzi wake huhifadhi kaboni vizuri zaidi, hata ukilimwa. Sisi vilima vyetu vinajulikana kwa kaolini, mfinyanzi mweupe usio hodari wa kushika mboji, yaani mabaki hayo yenye kaboni. Ndiyo maana tuna hofu.

Tulitumbukiza mabonge mawili ya udongo kwenye glasi za maji. Lililotoka pembezoni mwa msitu lilibaki zima. La shamba la mihogo, lililopungukiwa mboji ya kulishikanisha, lilimeguka, maji yakawa kama chai ya maziwa, mwalimu hata hajamaliza kueleza.

Hatuwalaumu wakulima; wengi wetu tunasomeshwa na mashamba hayo. Tunaomba maofisa ugani wawasaidie kuacha mabua na majani shambani yawe matandazo, badala ya kuyachoma. Moshi ule wa kila kiangazi unatuuma sana, maana ndicho chakula cha udongo kinachoteketea. Tunaomba pia vipande vya misitu vilivyobaki nje ya hifadhi visifyekwe. Miche ya leo itatoa kivuli baada ya miaka michache, ila kaboni iliyoshikwa na madini huchukua miongo kurudi.

Tunaomba kuwasilisha.