Wanaohamia kando ya ziwa waonyeshwe maji yanakofika kabla ya kuuziwa viwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo silioni katika matangazo ya viwanja vya kando ya ziwa, ingawa ndilo litakaloamua kama wanaohamia huko wataipata raha waliyoifuata au watafungasha tena. Miji midogo ya maziwani inakua kwa kasi. Wastaafu wanakuja kutafuta utulivu, vijana wanaofanya kazi kwa intaneti wanakuja kwa sababu hawalazimiki tena kukaa karibu na ofisi, na wenye familia wanakuja kwa ajili ya hewa safi na nafasi ya watoto kucheza. Sina neno na ujio wao. Mahali palipokuwa panapoteza vijana panapata uhai, mafundi wanapata kazi, na shule na zahanati zinapata sababu ya kuongezewa watumishi. Ninachokipinga ni mpangilio wa mambo: viwanja vinauzwa, nyumba zinasimama, na baada ya hapo ndipo watu wanaanza kuulizana ziwa likijaa hufika wapi, na maji taka ya nyumba zote hizo yanakwenda wapi.

Mgeni akipelekwa kuona kiwanja, huona maji yalipo siku hiyo na kuamini kwamba hapo ndipo ukingo ulipo. Ziwa halina ukingo mmoja. Hupanda na kushuka kila mwaka, na mara chache katika maisha ya mtu hupanda kwa kiasi ambacho aliyefika juzi hawezi kukidhania. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya mwaka 1961 na 1964 kutokana na mvua nyingi, kisha likawa linashuka na kupanda, hadi mwaka 2006 lilipofika chini kuliko lilivyokuwa kwa miongo mingi. Mei 2020 likakifikia tena kile kiwango cha 1964 na kukipita kidogo, na katika nchi zote 3 zinazolizunguka kuna watu waliohama nyumba zao huku gati na barabara za kando zikizama. Sababu yake inaeleweka. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na mto unaoyatoa ni mmoja tu, Nile, unaoanzia Jinja, kwa hiyo mvua zikizidi kwa misimu kadhaa mfululizo maji hayana pa kwenda upesi. Ziwa Naivasha halina hata huo mto mmoja juu ya ardhi, na wakazi wa kandokando yake wamekwisha kuyaona maji vyumbani. Aliyenunua kiwanja katika miaka ya ukame, tena kwa nia njema na kwa hati halali, huenda amenunua sehemu ya ziwa.

Hili la mafuriko angalau huonekana kwa macho. La pili limefichika zaidi, nalo ndilo linalonifanya niandike. Nimewahi kusimama na mafundi waliokuwa wakichimba shimo la maji taka la nyumba mpya, katika kiwanja kisicho mbali na maji. Walipofika kina cha kiuno udongo uligeuka wa kijivu, pembe za shimo zikaanza kutoa jasho, na kabla ya jua kuchwa shimo lilikuwa limejaa maji hadi nusu, bila tone la mvua. Kesho yake wakayavuta kwa pampu, wakajenga kuta, wakamimina zege juu, wakafukia. Mwenye nyumba hakuwepo, kwa kuwa alikuwa hajahamia, na sidhani kama kuna aliyemwambia kwamba shimo lake limekaa ndani ya maji yaleyale anayotarajia kuogelea na watoto wake.

Tangi la maji taka hutuliza uchafu mzito tu. Kinachotoka humo bado kina vijidudu na virutubisho, na kazi ya kukisafisha huachiwa udongo mkavu ulio chini yake. Kando ya ziwa udongo huo mkavu ni mwembamba, na mara nyingine haupo kabisa, hivyo kinachotoka nyumbani husafiri chini kwa chini hadi ziwani. Nyumba 5 zikifanya hivyo ziwa linaweza kustahimili. Zikiwa 500, hali ni nyingine, na mwenye kosa hatajulikana, kwa sababu kila mmoja atakuwa ametoa kidogo.

Kidogo hicho ni fosforasi, kirutubisho cha mimea kilichomo katika kinyesi, mkojo na baadhi ya sabuni. Mwaka 1973, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, wanasayansi waligawa ziwa dogo kwa pazia lililoshuka hadi chini. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakatia hivyohivyo pamoja na fosforasi. Upande wa pili ukageuka kijani kwa mwani, na picha iliyopigwa kutoka angani ikawaonyesha hata wasio wataalamu tofauti ilivyo. Mwani wa namna hiyo si suala la sura tu. Ukioza humaliza oksijeni ambayo samaki huihitaji, na baadhi yake hutoa sumu. Agosti 2014 mji wa Toledo, Marekani, ulio kwenye Ziwa Erie, uliwazuia watu wapatao 500,000 kunywa maji ya bomba kwa siku kadhaa kwa sababu ya sumu hiyo, na wakaonywa wasiyachemshe, maana kuchemsha huikoleza. Katika ziwa hilo chanzo kikubwa ni mbolea ya mashambani, lakini mwani hauulizi fosforasi imetoka shambani au chooni.

Sielezi haya ili kumtisha anayetaka kuhama. Yapo yanayowezekana. Ziwa Washington, lililo kando ya mji wa Seattle nchini Marekani, lilikuwa likipokea maji taka ya miji iliyokuwa ikikua kulizunguka, hata kufikia miaka ya 1960 kitu kilichozamishwa mita 1 tu kilikuwa hakionekani vizuri. Mwaka 1958 wakazi walipiga kura kuunda chombo kimoja cha pamoja cha kushughulikia maji taka, na kati ya 1963 na 1968 maji hayo yakaondolewa ziwani. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mtu aliweza kuona kina cha zaidi ya mita 3. Ni kweli kwamba ziwa lile lina kina kirefu na maji yake hubadilika upesi. Ziwa lenye kina kifupi huweka fosforasi katika tope lake na kuirudisha kwa miaka mingi, na ndiyo maana mji wa kando ya ziwa kama hilo hauna ruhusa ya kuchelewa.

Kuchelewa kwenyewe hutokea hivi. Mabwawa ya kusafishia maji taka huhitaji eneo kubwa, lililoinuka, lililo mbali na ukingo na lenye njia ya magari ya kunyonya maji taka. Eneo la namna hiyo hupatikana kwa urahisi wakati mji ukiwa na nyumba chache. Viwanja vikishauzwa vyote, mamlaka hulazimika kulinunua kwa bei ambayo haiwezi kuimudu, na mpango hufia kwenye makabati. Litengwe sasa, hata kama bomba la kwanza litalazwa miaka 10 ijayo.

Vilevile mstari wa maji ya juu kabisa yaliyowahi kufika uwekewe vigingi vinavyoonekana, na mnunuzi avione kabla ya kutoa fedha. Wavuvi wazee wanaujua mstari huo, na rekodi za vipimo zipo kwa maziwa mengi. Ndani yake pabaki matete na mafunjo, ambayo wageni hupenda kuyafyeka ili wapate mandhari, ilhali ndiyo yanayoshika udongo, yanayopunguza uchafu unaoteremka na mvua, na ambamo samaki wengi huzaliana. Ukanda huohuo ubaki njia ya wote kuyafikia maji, maana kuta za nyumba mpya zimekwisha kuwafungia wengine.

Madalali watasema kwamba vigingi vitashusha bei. Vitaishusha kwa viwanja vilivyomo ndani ya mstari, na hivyo ndivyo inavyostahili.

Ninaliomba gazeti lako liwaulize wakuu wa mipango miji maswali mawili: mstari huo uko wapi, na eneo la kusafishia maji taka limetengwa wapi. Majibu yao yachapishwe pamoja na ramani, katika kurasa zilezile zinazobeba matangazo ya viwanja.

Mkazi wa kando ya ziwa