Shangazi, eti mimi sina haraka

Shangazi shikamoo. Naandika saa tisa hii usiku, baba watoto anakoroma na mi sijafumba jicho, nimeona bora nikuandikie wewe kuliko kumwandikia rafiki yangu wa ofisini kitu nitakachojutia asubuhi.

Unajua mambo ya kuahidiana. Miaka 19 tumekaa meza zinazotazamana, nikijifungua alinishikia kazi, alipofiwa nilimshikia yeye, na kila tukichoka tunasema tukigonga 50 tunaandika barua siku moja, tunatoka, tunazunguka dunia magoti yakiwa bado yanakunja. Wazo lilikuwa lake, nasisitiza, lake. Mi ndo nilikuwa mwoga. Nikaandika barua ya kustaafu kwa hiari nikampa aisome, akanirekebishia hadi makosa ya herufi, akasema tangulia, namalizia mambo mawili matatu nakuja. Leo mwaka wa pili unaisha. Na kiti changu anakikalia yeye, kwa cheo, sijasema ni vibaya, nimesema tu anakikalia.

Watu wanasema nilikurupuka. Sikukurupuka, nilipiga hesabu miaka 3, madeni nilimaliza, mtoto wa mwisho kamaliza chuo, na kabla sijaandika barua tulijaribu kuishi miezi 6 kwa nusu ya mshahara tuone kama tutaweza (tuliweza, ila kwa kununiana). Kwa hiyo usinijibu habari za pesa.

Shida ni ile simu. Nilimpigia siku moja, sikuwa na jambo, nilitaka tu kusikia sauti yake, akapokea akasema ngoja nakupigia, kumbe simu hakuikata. Nikasikia mtu anamuuliza nani huyo, akajibu "ni yule aliyestaafu, atapiga tena, hana haraka huyo." Wakacheka. Wala hakikuwa kicheko kibaya, ndo maana kinauma. Yule aliyestaafu! Mi nina jina Shangazi, miaka 19 analijua.

Nisikudanganye, miezi ya kwanza ilinishinda. Naamka saa kumi na moja, naoga, navaa, ndo nakumbuka sina pa kwenda. Nilikuwa nachungulia grupu la ofisi mpaka siku nikakuta nimetolewa, eti ni utaratibu. Nikapanga makabati ya nyumba nzima, nikayapangua, nikayapanga tena, baba watoto akaniomba jamani tafuta watu. Nikajiunga na kikundi cha kutembea kwa miguu, wengi wao umri wa wanangu, wawili wamestaafu kama mimi, na kuna mjane mmoja haongei kabisa lakini asipokuja unaona kabisa kuna pengo. Kilomita 5 za kwanza zilinitoa machozi, sasa hivi 18 natembea huku napiga stori. Na wamenipa kazi, mi ndo nakaa nyuma kabisa na wageni wanaochoka, nahakikisha haachwi mtu. Sijawahi kupenda cheo kama hicho na hakina hata senti.

Sasa miezi miwili ijayo tunapanda mlima, zaidi ya mita 4,000. Kiongozi wetu katueleza kuanzia kama mita 2,500 hivi hewa nyepesi inaweza kukuletea kichwa na kichefuchefu, ukivuka 3,000 kila siku usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana, na anayeparamia mbio ndo anayeugua, hata awe kijana wa mazoezi namna gani. Halafu akaninyooshea kidole, akasema mfuateni mama huyu, hana haraka. Wakanipigia makofi, mi nikaenda kulia nyuma ya gari. Hakuna aliyeelewa na sikueleza.

Picha za mazoezi nilikuwa naweka stetasi. Sikuziweka kwa ajili yake. Jana jioni meseji ikaingia, "nimeomba likizo, nibebe na mimi, si tuliahidiana?" Basi, hakuna pole wala samahani. Tuliahidiana! Na nafasi imebaki 1, kiongozi anataka jina keshokutwa.

Mi simtaki. Hawa ni watu wangu, niliwapata wakati simu yangu hailii. Akija ataongea habari za ofisi njia nzima na najijua nitasikiliza, nitauliza nani kahamishwa nani kapanda, nitarudi kuwa yuleyule. Na mazoezi hajafanya, miezi miwili haimtoshi, ingawa akianza wiki hii akatembea mara 4 kwa wiki na kupanda ngazi, inawezekana, nilimpigia hesabu, hata ratiba nimemwandikia ila sijatuma. Usidhani nilikuwa namngoja. Ni kwamba wiki niliyostaafu nilinunua mabegi mawili ya mgongoni yanayofanana, la kwake lilikuwa juu ya kabati na nailoni yake, na usiku huu nimelishusha nikafupisha mikanda maana yeye ni mfupi. Sijui hata kwa nini.

Baba watoto anasema mwambie ulichosikia yaishe. Nikimwambia atasema alikuwa anatania, na itakuwa kweli alikuwa anatania, halafu mi ndo nitaonekana mtu mzima mzima nanuna kwa maneno mawili. Nisipomwambia nitatembea siku 5 na hilo neno kifuani, tena kumbuka nyuma nakaa mimi, akichoka ni mimi nitakayebaki naye.

Kwa hiyo nilitaje jina lake keshokutwa au niseme pameshajaa? Na nikilitaja, ile simu nimwambie kabla hatujaanza kupanda au tukishafika juu? Maana nasikia huko juu watu wanalia kirahisi, na sitaki alie kwa sababu ya hewa.