Andikeni saa ya kuanguliwa kwenye boksi la vifaranga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vifaranga vya siku moja ambavyo sisi wafugaji wa Dodoma tunaviagiza kwa simu kutoka Dar es Salaam na kuletewa kwa basi. Nafuga kuku hapa Nkuhungu, huu ni mwaka wa sita. Niliyoyaona stendi ya Nzuguni usiku mmoja wa Julai nimeshindwa kuyanyamazia, maana kila ninapoyasimulia nakutana na mwenzangu ambaye naye yalimkuta, akalia kimya kimya na kusema ilikuwa bahati mbaya.

Niliagiza vifaranga 200 vya chotara, kimoja shilingi 2,000. Hela yote nilituma kabla mzigo haujaondoka, ndivyo wanavyotaka. Nilipouliza kama safari haitavichosha, binti wa mauzo akanijibu, "Mama, kifaranga anakaa siku tatu bila kula wala kunywa, usiwe na hofu." Basi lilitakiwa kufika saa kumi jioni. Likaharibika baada ya Gairo, likaingia Nzuguni saa tano kasoro usiku. Maboksi yangu mawili yalikuwa kwenye buti, moja juu ya jingine, yamesukumwa hadi mwisho, na viroba vya nazi vimeegemezwa ubavuni.

Boksi la juu lilikuwa linalia. La chini lilikuwa kimya. Nikalifungua palepale chini, mwanangu akimulika kwa tochi ya simu. Maboksi haya yana vyumba vinne, kila chumba vifaranga 25. Katika chumba cha kwanza vilikuwa vimelundikana kwenye kona moja, manyoya yameloa na kushikamana kana kwamba vimetolewa kwenye ndoo ya maji, midomo wazi, shingo zimenyooka kuelekea matundu ya hewa. Matundu yenyewe ndiyo yaliyozibwa na viroba. Vifaranga vile vilikufa kwa joto na kukosa hewa, njaa haikuwa na muda wa kuviua. Na vile vilivyotoka hai, vikiwa vimelowa hivyo, vilikutana na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba, usiku ambao joto hushuka hadi karibu nyuzi 14, wakati kifaranga cha wiki ya kwanza kinahitaji nyuzi 32 hadi 35. Tulivifunika kwa kanga mbili na kukimbia nyumbani kwenye jiko la mkaa. Boksi la chini vilikufa 43, la juu sita.

Sasa nirudi kwenye zile siku tatu, kwa sababu ndizo zinazotuponza. Jambo lenyewe ni la kweli. Kifaranga kinapokaribia kuanguliwa huvuta tumboni kiini kilichobaki ndani ya yai, na kiini hicho ndicho akiba yake ya mwanzo. Lakini hesabu inaanza pale kinapopasua ganda. Mayai ya trei moja hayaanguliwi saa moja. Cha kwanza kinaweza kumtangulia wa mwisho kwa siku nzima na zaidi, na vyote husubiri mashine ya kutotolesha ifunguliwe. Halafu kuna kuchagua, kuchanja dhidi ya ugonjwa wa Mareksi, kuhesabu, kupakia, kulala ghalani kusubiri basi la alfajiri. Kifaranga kinachoitwa cha siku moja kinaweza kupanda basi kikiwa kimeshatumia nusu ya akiba yake, na mnunuzi hana namna ya kujua. Tena siku tatu ni ukingo wa uvumilivu wake, kikiwa kwenye hewa na joto linalofaa. Kuzifanya ratiba ya safari ni kukipeleka kifaranga ukingoni kwa makusudi.

Wenzetu wa Marekani wameijenga biashara nzima juu ya akiba hiyo; posta yao inasafirisha vifaranga tangu mwaka 1918. Hata hivyo mwaka 2025 vifaranga karibu 12,000 viliachwa siku tatu ndani ya lori la posta katika jimbo la Delaware, maelfu vikafa. Kama posta yenye uzoefu wa zaidi ya miaka 100 inaweza kusahau lori, sisi tunaotegemea utingo aliyepewa boksi pamoja na mabegi na magunia tunategemea nini?

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi kwangu kuliko usiku ule. Vilivyopona vilianza kujikunyata mbali na jiko, matumbo yamevimba, kinyesi kimeganda nyuma. Kila asubuhi nilikuta vinne au vitano vimelala. Bwana mifugo alimpasua mmoja mbele yangu juu ya gazeti: kiini bado kilikuwa tumboni, kijani, kinanuka. Akaniambia kitovu hakikufunga vizuri na vijidudu vimeingia. Uchafu wa boksi na kukaa muda mrefu bila kula vilizidisha. Kufikia siku ya nane vilikuwa vimekufa vingine 29. Nikabaki na 122.

Nilipodai, kila mmoja alinionyesha mwenzake. Waliototolesha wakasema, "Tulipakia vizima." Watu wa basi wakasema wao walipokea maboksi, hawakupokea kuku. Risiti yangu ya mzigo inasomeka hivi: "Boksi 2." Haitaji kiumbe hai wala saa. Ubavuni mwa boksi paliandikwa jina langu, namba ya simu na Dodoma, basi.

Kuna na suala la magonjwa, ambalo linamgusa hata asiyeagiza. Yale maboksi yangu yalikuwa na mavi makavu ya safari nyingine. Yaani yalirudishwa na kutumika tena. Mdondo, ugonjwa wa kuku unaoua banda zima, husafiri kwa mavi na vyombo vichafu, na katika mitaa yetu kuku wa kienyeji wa jirani hutembea hadi mlangoni kwa bruda lako, yaani chumba cha joto cha kulelea vifaranga. Mwaka 2017 serikali iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga vikitokea Kenya, sababu ikatajwa kuwa ni kuzuia magonjwa. Iliniuma kuona picha zile. Kama hofu ni kubwa kiasi hicho mpakani, boksi chafu linalotoka mkoa hadi mkoa nalo liulizwe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008. Buti la basi halijaisikia.

Wenye watoto wadogo nao waangalie. Kifaranga kinachoonekana kizima kinaweza kubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, na mjukuu wangu wa miaka minne hukiweka shavuni kabla sijamkataza. Sabuni na maji vikae mlangoni mwa banda.

Ninachoomba ni hiki. Wanaototolesha waandike juu ya kila boksi tarehe na saa mashine ilipofunguliwa, chanjo iliyotolewa na idadi, na boksi litumike mara moja tu. Saa ile ikiandikwa, nitajua stendi kama nimeletewa kifaranga au maiti inayotembea, na nitakuwa na kitu cha kumwonyesha aliyeniuzia. Wenye mabasi waache kuweka vifaranga kwenye buti; wakiona ndani ya basi hapafai, wakatae mzigo, nitawaelewa. Na kwa kuwa treni ya SGR tangu mwaka 2024 inatoka Dar hadi Dodoma kwa saa zisizozidi nne, wahusika wa mifugo na reli wakae waone kama vifaranga vinaweza kupewa behewa lenye hewa. Jiji letu limekua, kila kona kuna banda la chipsi kuku, na vifaranga vya kututosha havijaanguliwa hapa.

Wafugaji wenzangu wanaoanza, msitume hela ya vifaranga 200 kwa mtu mliyemwona kwenye WhatsApp. Anzeni na 50 kutoka kwa anayetotolesha karibu, hata kama bei ya kila kimoja itazidi kwa shilingi 300, mkavichukue wenyewe asubuhi. Kama ni lazima kuagiza mbali, bruda liwe limewashwa kabla basi halijafika Morogoro, maji yenye glukosi yawe tayari, na boksi lifunguliwe mbele ya kondakta kabla hamjasaini.

Mimi oda ijayo naifuata mwenyewe. Nitapanda na maboksi yangu mapajani.

Mfugaji,
Nkuhungu, Dodoma