Kwa mafundi cherehani vijana: gauni la mteja lina wiki ngapi hapo ukutani?

Wanangu na wajukuu zangu wa cherehani,

Marahaba. Naanza na jibu kwa sababu shikamoo zenu nazipokea kila siku, kwenye simu na hapa barazani Ngamiani, na nyuma ya kila shikamoo kuna swali. Bibi, nifungue na saluni? Bibi, nianze na kuuza vitenge? Bibi, kuna mkopo, niuchukue? Juzi nilipita dukani kwa mmoja wenu, akaniuliza kama ufugaji wa kware bado unalipa. Kware! Nikamwuliza lile gauni la bluu lililoning'inia nyuma yake lina wiki ngapi. Akacheka, akaniagizia soda.

Soda nilikunywa. Jibu sikupata, na ndiyo maana naandika.

Mimi nilikalia cherehani mwaka 1981. Miaka ile kitambaa kilikuwa cha foleni. Ukipata yadi tatu za kiwanda cha Urafiki unazibeba kama mtoto. Mteja alikuwa akikuletea kitambaa chake anasimama hapohapo unapokata, kuhakikisha mabaki hayaingii mfukoni mwako. Hatukuwa na kitu, lakini kazi ilikuwepo, maana nguo ya dukani haikuwepo. Kisha katikati ya miaka ya 80 milango ikafunguliwa, ruksa ikawa ruksa, mitumba ikaingia. Gauni zuri, lina bitana na zipu nzima, linauzwa chini Kariakoo kwa bei ambayo mimi hata uzi sirudishi.

Niliogopa. Na mfanyabiashara akiogopa huwa hakai kimya, anaongeza vitu. Nikaweka maandazi mbele ya duka. Nikaweka mkaa. Nikanunua vifaranga 100 nikawafungia uani. Asubuhi niko na maandazi, saa nne niko na chanjo ya kuku, mchana nagombana na mwenye lori la mkaa. Cherehani naikalia usiku, kwa taa ya chemli umeme ukikatika, macho yameshachoka.

Ijumaa moja saa tisa alasiri dada wa bibi harusi alisimama mlangoni kwangu. Ndoa Jumamosi. Gauni lilikuwa mezani, kiwiliwili kimeshonwa, mikono haijakatwa. Hakunitukana. Aliingia, akavua ushungi, akakaa kwenye kigoda akasema, "Nitakusubiri." Alinisubiri hadi saa saba usiku. Nilishona ule mkono wa kushoto bila kupiga bandi, ule mshono wa kushikiza kwanza, ukavuta kwapani. Kwenye picha za harusi ile bibi harusi kaweka mkono wa kushoto kiunoni katika kila picha. Watu walidhani ni maringo. Mimi nilijua anaficha nini. Kuku nao walikufa, lakini hao siwasikitikii.

Niliuza mabanda, nikamwachia mdogo wangu maandazi, nikabaki na mkasi. Sasa mtaniuliza, Bibi, na ubunifu je? Mtu akishika jambo moja tu si atachakaa? Hapo ndipo mnapokosea, na nitakaa hapo kidogo.

Itazameni khanga. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walichukua leso ndogo za mraba, wakaziunganisha, tatu kwa mbili, wakapata nguo moja pana. Baadaye ikaanza kuchapwa nzima. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, yule wa "Mali ya Abdulla", anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kuiwekea maneno; hapo kwanza maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Tangu hapo ni pindo la kuzunguka, mji wa katikati na jina, yaani yale maneno. Pindo, mji na jina, miaka zaidi ya mia! Hakuna aliyeamka akasema sasa tuondoe pindo tuweke mfuko. Na bado kila ukiingia dukani kuna khanga ambayo hujawahi kuiona, na mwanamke mwenye khanga 50 kabatini anaitaka hiyo ya 51.

Nami khanga ndiyo iliyonirudisha mjini. Kitenge ni rahisi, maua yanajirudia, unakata popote. Khanga haikusamehe. Doti moja, yaani vipande viwili, ina miji miwili tu na majina mawili. Ukikosea mkasi hakuna pa kurudia. Jina lenyewe liko chini ya mji, juu kidogo ya pindo, kwa hiyo ukishona gauni la kawaida linaangukia nyuma ya magoti au linaliwa na mshono. Mafundi wengi walikuwa wakilikata wanalitupa.

Akaja mama mmoja, ana ugomvi na jirani yake wa uani. Kaleta doti iliyoandikwa MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Akataka gauni, na akataka jirani asome. Nilitandaza ile khanga kwenye mkeka siku mbili bila kuigusa na mkasi. Nilikuwa naipita nikienda jikoni, naipita nikirudi. Siku ya tatu nikaona. Nililikata lile jina katikati, kati ya MCHANA na USIKU, nikaliweka mgongoni mistari miwili, chini kidogo ya shingo, na ukanda wa pindo juu yake kama fremu. Yule mama alipolivaa alitoka uani taratibu kuliko siku zote za maisha yake. Ndani ya mwezi nilikuwa na oda 11 za "mgongo kama ule".

Ningekuwa na kuku siku zile mbili, nisingeliona. Wazo halikuja kwa sababu nina akili nyingi. Lilikuja kwa sababu ile khanga ilikuwa kitu pekee sakafuni.

Na kama khanga mnaiona ni mambo ya bibi, basi mfikirieni mchoraji Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa Tunduru, alipita hapa kwetu Tanga kwenye mashamba ya mkonge kabla ya kwenda Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968, akafariki 1972. Miaka minne! Alikuwa na vipande vya hadibodi vya mraba na rangi ya baiskeli, ile ya kung'aa, kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Wanyama, ndege, mraba, basi. Waliomfuata bado wanauza Oysterbay mpaka leo, na watalii bado wanazibeba picha zile kwenye ndege.

Sasa ya kwenu. Simu zenu zinawachosha kuliko mitumba ilivyonichosha mimi. Mteja anakuja na picha ya gauni la Lagos, wewe unashona la Lagos. Kesho anakuja mwingine na la Accra. Tazameni picha, sikatazi, nami natazama. Lakini ukishachukua futi, pima mwili uliosimama mbele yako. Picha haina nyonga za mteja. Na asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, ni saa ya kukata. Weka simu kwenye droo ya vifungo mpaka mkasi utulie.

Wekeni daftari. Ukurasa mmoja oda moja, bana kipande cha kitambaa chake na pini pembeni, andika vipimo, andika siku uliyoahidi. Ukurasa wa zamani usipofungwa, mpya usifunguliwe. Najua sifa yetu mafundi, "njoo kesho" tumeifanya kuwa dini, na siku mbili kabla ya Idi tunazima simu. Mimi nilipoanza kukataa oda kuanzia kumi la mwisho la Ramadhani, watu walinuna mwaka mmoja. Mwaka wa pili walianza kuleta vitambaa Shaabani.

Adivansi ya mteja ni bitana yake na zipu yake. Haijawa chakula chako bado. Kuhusu mikopo ya kausha damu sina maneno mengi, jina lenyewe limeshasema. Anayehitaji cherehani ya pili aulize kwanza kikoba chake, na aulize halmashauri juu ya fungu la vijana na wanawake.

Na yule wa kware, gauni la bluu nimeshamjua mwenyewe. Amepita hapa jana akilalamika. Nimemwambia arudi kwako Alhamisi, kwa hiyo umebaki na siku tatu.

Cherehani yangu ya kukanyaga iko palepale barazani. Anayetaka kujifunza kulaza jina mgongoni aje Jumanne baada ya alasiri, na khanga kuukuu, asije na mpya ya watu. Mkasi nitampa wangu.

Bibi yenu,
Ngamiani, Tanga