Sheha anaumwa

Jang'ombe, Unguja
Ijumaa, baada ya alasiri

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Mie mzima, bi mkubwa mzima ila magoti tu, na watoto wa Mize wanakusalimu, wanauliza zile tende zinakuja lini. Nawe inshaallah u mzima huko Muscat.

Najua umeninunia. Wiki tatu hizi unaniletea sauti kwenye simu, nami nakujibu kwa vikatuni. Kila nikitaka kukupigia nakusikia unasema, "Hebu geuza simu niwaone wanangu," basi naiweka. Ndiyo nimeona niandike, na barua nampa mtoto wa Bi Time anayeondoka Jumapili. Utakasirika ukiwa mbali.

Sheha anaumwa.

Si sheha wa shehia, Sheha wako, yule samaki wa dhahabu kibonge wa kwenye tangi. Nakufafanulia kwa sababu juzi bi mkubwa alimwambia jirani dirishani, "Leo Sheha hajala kitu, kalala chini tu," na jirani kwa wema wake akapika uji wa pilipili manga akampelekea sheha mwenyewe. Kamkuta barazani anacheza bao. Mpaka leo nikitoka napita njia ya nyuma.

Ilikuwa hivi. Siku mbili kabla ya posa ya Zuwena nikalitazama tangi, vioo vimeota kijani, na wageni watakaa papo hapo ukumbini. Wewe uliniambia: kila wiki toa ndoo moja ya lita 20, rudisha ndoo moja ya maji yaliyolala usiku kucha, na sponji ya kuchujia maji isuuze kwenye yale uliyotoa. Wallahi niliona uchafu juu ya uchafu. Nikawatia samaki kwenye beseni, nikamwaga lita zote 80, nikasugua mawe, sponji nikaifua kwa sabuni kama kanzu ya Ijumaa. Kisha nikajaza maji ya mfereji moja kwa moja. Tangi liling'aa, Mwanaisha! Wageni walilisifu kuliko biriani.

Na sifa zikanilevya. Kesho yake nikanunua samaki mwengine, mweupe mwenye doa jekundu kichwani, ili ukirudi ushangae. Nikamtia humo humo na wenzake, siku ile ile. Najua. Usipige kelele, watu wa Muscat wamelala.

Siku ya tano Sheha akaanza kujikuna kwenye mawe. Mapezi kayabana, na mkiani vidoa vyeupe kama kanyunyiziwa chumvi. Mize kaja, kamtazama, kasema, "Chumvi tayari, bado ndimu." Kila anayepita hapa ana upishi wake, nimeshaambiwa chukuchuku, nimeshaambiwa wa nazi. Mimi nalia, wao wanacheka.

Nikamwendea Fundi Haji. Unamjua alivyo, hajibu swali kabla hajauliza kumi. Nilitaka dawa, yeye anauliza maji. Alipokuja akaivuta sponji, akainusa, akanitazama kama mwalimu wetu wa hesabu. "Umefua?" Nikasema nimefua. Akakaa chini.

Kumbe ndani ya ile sponji wamo bakteria wanaokula uchafu wa samaki. Samaki wanatoa amonia. Bakteria hao wanaigeuza naitraiti, wengine wanaigeuza tena naitreti, ambayo haina ukali sana, na hiyo ndiyo unayoipunguza kwa ile ndoo yako ya kila wiki. Kukua kwao kunataka mwezi, mwezi na nusu. Mie nimewamaliza asubuhi moja kwa sabuni na klorini ya mfereji. Wanao walikuwa wanakaa ndani ya mkojo wao wenyewe, na maji meupe, hata kijani hakuna! Ndiyo maana ugonjwa wa yule mgeni uliwavaa wote. Ulinieleza lini habari ya bakteria hao? Au ulinieleza nami nilikuwa napaka hina? Haidhuru.

Vile vidoa navyo ni vijidudu. Kikiwa mwilini kimejificha chini ya ngozi, dawa haikifikii. Kikikomaa kinadondoka, kinajifunga chini kwenye mawe, kinapasuka na kutoa watoto kwa mamia, na hao wanaogelea kutafuta samaki. Ni hapo tu ndipo unapoweza kuwaua. Kwa kuwa sikulijua hilo, vidoa vilipotoweka siku ya tatu ya kuwatibu kwa chumvi nilimwambia bi mkubwa kapona, nikaacha. Siku mbili baadaye vikarudi maradufu. Fundi Haji anasema joto hili la kaskazi linaviharakisha, mzunguko mzima ni siku chache tu. Penye baridi ungengoja wiki. Lakini joto hilo hilo linapunguza hewa kwenye maji, na samaki wa namna hii asili yao hawapendi joto, kwa hiyo pampu isilale.

Na pampu ikalala. Umeme ulikatika saa nane usiku, nikawakuta wako juu wote, midomo nje, mashavu yanakwenda mbio. Nikachukua kopo, nikawa nateka na kumimina kutoka juu, nateka na kumimina, mpaka adhana ya alfajiri. Nikaikumbuka ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tunasoma kwa kandili mpaka pua nyeusi. Angalau wakati ule tulikuwa wawili.

Hujaniuliza Karafuu.

Alikufa asubuhi ile. Yeye ndiye alikuwa mdogo, na vidoa vilimwingia mpaka mashavuni. Nimemzika chini ya mkomamanga, paka hajui. Nilitaka kununua mweusi mwengine nikae kimya, bi mkubwa ndiye kanikataza. Nisamehe, shoga. Uliniachia watatu.

Waliobaki nawatibu kwa chumvi ya Pemba, ile ya mawe. Nimepima kwa mizani ya keki: gramu 80 kwa siku, siku tatu, jumla 240, yaani gramu 3 kwa lita, nayayusha kwanza kwenye kopo. Kila siku natoa ndoo moja, na ndoo ninayorudisha naitia gramu 60. Maji yakipungua kwa jua naongeza matupu, maana chumvi haipai. Majani yako nimeyahamishia ndoo nyengine, chumvi inayaunguza. Chakula nimepunguza, na nimegundua bi mkubwa alikuwa akiwamegea mkate wa mofa kila akimaliza kusali. Anasema walikuwa wanamwangalia.

Leo ni siku ya tisa. Bi Harusi anaogelea vizuri na shela lake. Sheha jana kala punje mbili. Kidoa kimebaki kimoja karibu na jicho, lakini safari hii siachi mpaka ipite wiki nzima bila hata kimoja. Nimesoma kuna mwenzao Uingereza, Tish, alikufa 1999 ana miaka 43. Sheha wako ana minne! Nimemsomea.

Sasa nataka kitu. Huko madukani tafuta vile vichupa vya kupimia amonia kwenye maji, na ile dawa ya kuondoa klorini, mpe mtoto wa Bi Time akirudi. Na wewe unarudi lini hasa, kabla ya Ramadhani au baada? Pampu ya betri zinauzwa huko, bei gani? Joto la huko unalivumiliaje? Yule bosi wako bado anakuita Aisha? Umenikasirikia sana au kidogo? Na huyu mweupe, aliyeleta balaa lote na mwenyewe hana hata kidoa, tumwiteje? Bi mkubwa anataka Posa.

Shoga yako,
Salma

Nimesahau: Zuwena kakubali.